Sekunde Moja Inatosha Kabisa

Chapuchapu alikuwa anajichokonoa sikio kwa kifuniko cha kalamu nyekundu, kalamu ileile anayoulia vituo. Alichokonoa, akakitazama kifuniko, akakipangusa kwenye suruali, akakirudisha kwenye kalamu. Kisha akaweka alama ya mkasi mbele ya kituo cha thelathini na nane.

"Siku ya sita," alisema. "Kesho ya saba. Fundi aende akang'oe."

Nilikuwa nimesimama mbele ya meza yake nikisubiri saini.

Kitengo chetu kinatunza mawasiliano ya zahanati sitini na tatu. Zilizo mjini zinatumia nyaya, za mbali zina dishi la setilaiti juu ya bati. Kila siku saa moja na nusu asubuhi programu yetu inaziita moja moja, kama mwalimu na daftari la mahudhurio. Kituo kinachoitika kinaandikwa kwa kijani, kisichoitika kwa nyekundu. Kikiwa chekundu siku saba mfululizo, mashine yenyewe inachapa hati ya kung'oa, fundi anapanda gari, dishi linashushwa, lipelekwe "kunakohitajika zaidi". Mkuu wa kitengo anaupenda utaratibu huu kwa sababu haumlazimishi kufikiri. Jina la Chapuchapu tumempa sisi, kwa kuwa neno hilo halimkauki mdomoni.

Na kituo cha thelathini na nane ni cha mama yangu mdogo, na ofisi nzima inalijua hilo. Yeye ndiye muuguzi pekee huko mlimani. Saa nne alinipigia simu, nikajua amesimama juu ya lile jiwe lililo nyuma ya zahanati, maana ndipo mahali pekee simu inaposhika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kwani siku hizi maiti wanaamkiwa?"

"Mama, jamani."

"Jamani nini? Si mmeniandikia wenyewe? Ninayo hapa. 'Kituo chako hakipo hewani, jiandae kukabidhi vifaa.' Na barua yenyewe nimeipokea kwa mtandao huohuo mnaosema umekufa. Nikajishika mapigo. Yapo."

Nilitaka kucheka, nikashindwa.

"Sikia, mwanangu. Nina mama mmoja hapa, mimba ya miezi minane, miguu haiingii hata kwenye kandambili. Kila siku saa nane namtumia daktari presha yake. Daktari anaisoma, ananiambia niongeze dawa au nipunguze. Juzi kanijibu, jana kanijibu. Sasa mking'oa hilo dishi, hiyo presha nimsomee nani? Mbuzi?"

"Nitaangalia, mama."

"Kuangalia ni kazi ya watalii. Wewe fanya."

Akakata.

Nikarudi kwa Chapuchapu. Chumba chake kina feni ambayo haijafutwa tangu ifungwe. Vumbi limening'inia kwenye mapanga yake kama ndevu, na ikizunguka inamnyunyizia kila mtu kidogo kidogo. Kikombe chake cha chai ya maziwa kilikuwa kimeota ngozi juu. Alikuwa anachovya biskuti humo, anaitoboa ile ngozi, na inapanda pamoja na biskuti mpaka mdomoni.

"Bosi, thelathini na nane haijafa. Jana imetuma ujumbe na imejibiwa."

"Mashine inasema imekufa."

"Mashine inasubiri kwa muda gani kabla ya kusema hivyo?"

"Sekunde moja." Akainua kidole, kimelowa chai. "Sekunde moja nzima! Wewe mumeo akikuita, unakaa sekunde ngapi ndiyo uitike?"

"Sina mume, bosi. Na nikiwa chumbani nitaitika upesi kuliko nikiwa kisimani."

"Ndiyo maana huna mume." Alicheka, na chembe za biskuti zikaruka, zikatua kwenye orodha ya vituo. Akazipangusa kwa kiganja, zikawa ujiuji. "Mashine ikisema, tumesema. Nenda kafanye kazi. Chapuchapu."

Nilitoka nikiwa nimemlaani kimyakimya, yeye na aliyempa cheo. Sekunde moja! Nilikuwa na hakika ni namba yake. Ni mtu wa kuchukua namba ya kwanza inayomjia, kama anavyochukua kalamu yoyote kuingiza sikioni. Nikakaa mezani kwangu, nikafungua faili la mipangilio ya programu. Nilishapanga nitakachoandika kumhusu. Nilishapanga hata nitakavyoanza.

Mstari wa kumi na saba ulisema: muda wa kusubiri, sekunde 1. Pembeni yake palikuwa na maelezo mafupi, kama waandikaji wa programu wanavyojiachia kumbukumbu: "Sekunde moja inatosha kabisa." Kisha tarehe ya miaka miwili iliyopita. Kisha herufi za mwanzo za jina la aliyeandika.

Zilikuwa zangu.

Nilizitazama kama mtu anavyotazama unywele aliouvuta kutoka kwenye chakula alichokipika mwenyewe.

Nikakumbuka. Mwanzoni programu haikuwa na ukomo wowote wa kusubiri. Ikikiita kituo ambacho umeme umekatika, inakaa hapohapo, imekodoa macho, na vituo vinavyofuata havijaitwa. Siku moja ilikwama kwenye kituo cha nne tangu asubuhi mpaka adhuhuri, na wakubwa wa ghorofa ya juu walikuwa wanakuja kututembelea kesho yake. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa mafunzo kazini, stashahada yangu bado inanukia wino. Nikasema, nipeni hiyo kazi.

Niliipataje namba? Niliiita kompyuta iliyokuwa chumba cha pili, nyuma ya ukuta. Ikaitika kabla sijapepesa jicho. Nikaona sekunde moja ni anasa kabisa. Namba ya watu wa mlimani niliipimia ukutani. Niliandika pia kwamba anayetumia programu anaweza kuibadilisha akitaka, nikajiona mstaarabu. Lakini nani hubadilisha? Watu wanakuta namba imekaa pale, wanadhani aliyeiweka alijua.

Wakubwa walikuja. Vituo vyote vikaitwa kwa dakika moja, nyekundu na kijani zikajipanga, wakapiga makofi. Nikapewa cheti. Kiko ukutani mpaka leo, juu ya mashine ya kuchapa, na chini ya kioo chake kuna mende mchanga aliyeingia akafia juu ya jina langu. Kila siku nilikuwa namwona. Nilikuwa nadhani siku moja mtu atamtoa.

Nikafungua kumbukumbu za miaka miwili. Vituo vilivyong'olewa baada ya siku saba za wekundu vilikuwa kumi na kimoja. Vyote vilikuwa vya setilaiti, na vyote viling'olewa mvua ikiwa imechachamaa. Hakuna hata kimoja cha mjini.

Nikashuka uani kumtafuta Nguzo. Ni fundi wetu wa madishi, mrefu mpaka anainama mlangoni, na mtaratibu kama mtu asiyedaiwa na dunia. Alikuwa anakaza boliti za ngazi juu ya gari, tayari kwa safari ya kesho.

"Fundi, yale madishi kumi na moja uliyoyashusha. Yalikuwa yamekufa?"

Aliendelea kukaza. "Yalikuwa na taa ya kijani."

"Yote?"

"Tisa. Mawili sikumbuki."

"Na hukusema?"

"Dada, fomu ina sehemu ya maoni. Niliandika: taa ya kijani inawaka. Mara tisa. Wewe umewahi kuisoma sehemu ya maoni?"

Fomu zile huletwa kwangu, nami huzitoboa matundu mawili na kuzipanga kwenye jalada.

"Yako wapi sasa?"

"Kunakohitajika zaidi," alisema, akanirushia ufunguo wa stoo.

Harufu ilinipokea kabla ya mlango kufunguka vizuri: mkojo wa panya uliokaukia juu ya mkojo wa panya. Madishi yalikuwa yamelaliana ukutani kama sahani chafu baada ya karamu. Ndani ya lililokuwa juu kabisa panya walijitengenezea kitanda kwa karatasi zilizotafunwa, na nilipolisogeza, vinyesi vyao vikamwagika kwenye viatu vyangu kama punje za mchele mweusi. Hakuna dishi lililopelekwa popote. Yote kumi na moja yalikuwa pale. Nikatoka nje, nikashika ukuta, nikatapika chai.

Nguzo akaniletea maji kwenye kopo. "Pole," alisema. "Mimi huwa navaa kitambaa."

Nikaosha mdomo, nikarudi mezani, nikafanya kazi niliyopaswa kuifanya miaka miwili nyuma. Niliiambia programu isubiri dakika nzima, nikakiita kituo cha thelathini na nane. Kikaitika baada ya sekunde moja na nukta tatu. Nikakiita tena: moja na nukta sita. Wingu likapita, kikachukua mbili na nukta nne. Kila mara kiliitika. Neno letu linapanda mpaka kwenye setilaiti, linashuka mlimani, jibu linapanda tena na kushuka huku, na asubuhi vituo vyote vya mbali vinasukuma taarifa za jana kwenye njia hiyohiyo moja. Mama mdogo alikuwa anaitika kila asubuhi, nasi tulikuwa tumeshaweka simu chini.

Nikaviita vyote mchana kutwa na kuandika muda wa kila kimoja. Kilichochelewa kuliko vyote bado kilikuwa chini ya sekunde mbili na nusu. Basi nikapata namba: sekunde tano, na kila kituo kiulizwe mara tatu kabla ya kuandikwa chekundu. Sikutaka thelathini, maana kituo kilichokufa kweli nacho kinastahili kujulikana mapema. Na vituo viitwe vyote kwa pamoja badala ya kupanga foleni. Ukifanya hivyo, mwito mzima hauzidi sekunde kumi na tano. Ni chapuchapu kuliko chapuchapu yenyewe.

Nilimpelekea. Aliisoma karatasi yote, jambo ambalo sijawahi kuliona. Kisha akainuka, akafunga mlango, akasimama karibu nami mno. Pumzi yake ilikuwa na ile ngozi ya maziwa ndani yake.

"Kazi nzuri," alisema taratibu. "Nzuri sana. Lakini hivi kumi na kimoja viko kwenye taarifa yangu. 'Vifaa vilivyookolewa.' Juu walifurahi. Sasa ukibadilisha namba, kesho wataniuliza jana ilikuwaje. Unanielewa?"

"Nakuelewa, bosi."

"Programu si inaruhusu kituo kimoja kupewa muda wake peke yake? Mpe mama yako mdogo hizo sekunde tano. Yeye tu. Wengine wabaki na yao moja."

"Kuna vituo vinne vingine kwenye foleni. Hamsini na tisa ipo siku ya tano."

"Huko nako una mama wadogo?"

"Hapana."

"Basi." Akanipiga begani, kiganja kizito, chenye unyevu.

Nilirudi mezani. Ningependa kuandika kwamba nilikataa. Nilifungua faili, nikaongeza mstari: kituo 38, sekunde 5. Nilimwona mama mdogo juu ya jiwe lake, nikamwona yule mama mwenye miguu iliyovimba, nikajiambia, hawa wawili wanatosha kwa leo. Nikahifadhi. Nikajisikia safi kabisa, kama mtu aliyenawa mikono kwa maji ya mtaro.

Saa kumi jioni mashine yenyewe hutuma barua za onyo kwa vituo vilivyofika siku ya tano. Sikuwa na sababu ya kuitazama, ila dirisha lake lilifunguka mbele yangu. Kituo cha hamsini na tisa: "Kituo chako hakipo hewani, jiandae kukabidhi vifaa." Chini yake, kwa herufi ndogo: imepokelewa. Kisha: imesomwa. Kisha likaja jibu, kutoka kwenye kituo kisichokuwepo hewani.

"Sawa. Tumeshavifuta vumbi. Asanteni kwa taarifa."

Nilisoma mara mbili. Wamevifuta vumbi. Mtu nisiyemjua, asiyenijua, amechukua kitambaa akafuta vifaa vyetu ili atukabidhi vikiwa visafi, sisi tukavilaze chini ya mikojo ya panya. Wala hakubisha, kwa kuwa ofisini hana mtoto wa dada yake wa kumpigia simu akiwa juu ya jiwe. Safari hii sikumchukia Chapuchapu. Nilizichukia zile sekunde tano nilizomtengea ndugu yangu kama kipande cha nyama kilichofichwa chini ya wali.

Nikafuta ule mstari wa kituo kimoja. Nikaenda mstari wa kumi na saba, nikaandika 5. Maelezo ya zamani nikayafuta, nikaandika mapya: "Imepimwa kwa kituo cha mbali kuliko vyote, siku ya mawingu." Kwenye taarifa ya asubuhi nikaongeza ukurasa wa pili, vituo kumi na kimoja na tarehe vilipong'olewa, na chini yake sentensi moja: muda wa kusubiri uliosababisha haya niliuweka mimi, bila kupima mbali. Nikaweka jina langu kamili. Taarifa hiyo programu huituma juu na kuichapa chini kwa wakati mmoja. Hakuna mtu wa kuizuia njiani.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa na manyunyu. Saa moja na nusu mwito ukaita, na sekunde kumi na tano baadaye karatasi ikatoka. Vituo vilivyobaki hamsini na viwili: hamsini na kimoja kijani. Chekundu kilikuwa kimoja tu, cha kumi na saba, na muuguzi wake alikuwa ameshatupigia simu mara mbili kwamba nguzo ya umeme imeanguka, tukamwambia asubiri. Hati ya kung'oa haikuchapwa.

Chapuchapu aliichukua karatasi, akafika ukurasa wa pili, uso ukamvimba. Akateremka uani, mimi nyuma yake. Nguzo alikuwa amekaa kwenye usukani, gari linanguruma.

"Nenda thelathini na nane," Chapuchapu alimwambia. "Kang'oe."

"Hati iko wapi, bosi?"

"Nakuandikia kwa mkono."

Nguzo alifikiri kwa muda wake wa kawaida, ambao ni mrefu. "Mkono si mashine, bosi. Umetufundisha mwenyewe. Mashine ikisema, tumesema. Leo imenyamaza."

Akazima gari.

Chapuchapu akanigeukia. "Umejichoma mwenyewe, unajua? Jina lako ndilo liko pale."

"Najua. Ndiyo sababu nimeliandika."

Akatema mate chini, karibu na kiatu changu, akapanda ngazi.

Saa sita simu ya ghorofa ya juu ililia mezani kwangu. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa, hata begi nilishalifunga zipu. Sauti iliyochoka iliuliza swali moja: "Hivyo vifaa vinaweza kurudishwa?" Nikasema ndiyo. "Basi virudisheni, na jambo hili tusilisikie tena." Hakuuliza ni nani waliokaa miaka miwili bila mawasiliano, wala yaliyowapata. Ningefukuzwa ningeona nafuu.

Saa nane na robo mama mdogo alipiga.

"Presha imeshuka," alisema. "Daktari kasema dawa ziendelee hivyohivyo. Halafu mbona gari halijaja? Nimeshawafungia mbwa."

"Haliji, mama. Lilikuwa kosa. Lilikuwa kosa langu."

Nikasikia upepo wa juu ya jiwe. "Lako wewe?"

"Langu mimi."

"Tutaongea ukija," alisema, kwa ile sauti aliyokuwa akiitumia nilipokuwa mdogo nimevunja kitu. Akakata.

Alasiri tulikuwa stoo, mimi na Nguzo, vitambaa usoni, ndoo ya maji ya sabuni katikati. Nilisugua dishi la kwanza mpaka kucha zikanyonya ule uchafu. Harufu haikutoka. Nikalisugua tena. Kisha nikafuta mikono kwenye gauni, nikatoa orodha ya vituo kumi na kimoja, nikapiga simu ya kile kilichong'olewa mapema kuliko vyote, kuwaambia tunarudi.

Ikaita. Ikaita mpaka Nguzo akainua kichwa.

"Kata, dada. Hapokei."

"Subiri."

Iliendelea kuita. Mwisho ikapokelewa, na sauti ya mwanamke, anahema, kama aliyekimbia kutoka mbali.

"Nani?"

"Ofisi ya mawasiliano, mama. Ninapiga kuhusu dishi."

"Dishi lipi? Si mlilichukua?"

"Ndiyo. Tunataka kulirudisha."

Pumzi zake zikatulia. Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane.

"Fundi wenu aling'oa boliti nne, akaacha matundu manne," alisema. "Juu ya kitanda cha kuzalia. Miaka miwili tunakisogeza kila mvua ikija. Mje na dishi lenu, sawa, ila kwanza mje na bati."

Nguzo alikuwa amesikia. Aliinamisha kichwa, akaendelea kusugua dishi lililokuwa mbele yake, mahali pamoja, ambapo palishakuwa pasafi. Mimi nikaandika kwenye orodha, mbele ya kituo cha kwanza: bati moja. Kisha nikapiga namba ya kituo cha pili.